HAKI YA MNUNUZI ALIYEPANDISHIWA BEI KWA MAAFIKIANO

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyehalalisha biashara na akaharamisha riba, na akateremsha mizani ili watu wasimame katika uadilifu. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), na Jamaa zake na Masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu! Nakuusieni, na naiusia nafsi yangu kabla yenu, tumche Mwenyezi Mungu katika sala zetu na katika mali zetu. Nasema nanyi mliohudhuria hapa Likunja, na ndugu zetu wa Ruangwa na Nachingwea, na wale wote wanaotusikiliza majumbani mwao, akina baba na akina mama, na wanafunzi wa madrasa na vyuo.

Ndugu zangu, katika upande wetu huu wa Kusini hakuna asiyeijua dhulma ya mizani. Mtoto wa mkulima wa korosho huijua kabla hajaijua hesabu. Na Suratul Mutaffifin, inayowaahidi maangamizi wanaopunja vipimo, twaisoma katika sala zetu kila mara. Lakini iko dhulma nyingine ambayo mizani haiioni. Kilo inatimia, mali ni safi, muuzaji anatabasamu, na mnunuzi anakwenda zake akisema alhamdulillah; kumbe usiku uliotangulia wauzaji watano walikaa chumba kimoja wakapatana kwamba asitokee hata mmoja wao wa kuuza chini ya bei waliyoipanga. Asubuhi yule maskini huzunguka gulio zima, duka hadi duka, akidhani kwamba anatafuta bei nafuu. Hatafuti kitu. Milango ni mitano, lakini duka ni moja.

Hayo ndiyo tunayoyaita maafikiano ya bei, na ndiyo maudhui ya hotuba yetu ya leo. Nayo yana maswali mawili. La kwanza: je, hiyo ni dhulma, au ni ujanja wa biashara unaoruhusiwa? La pili, ambalo ni gumu zaidi: ikiwa ni dhulma, je, aliyedhulumiwa anarudishiwa nini, na kwa njia gani?

Katika swali la kwanza, wafanyabiashara wengine hujikinga kwa hadithi sahihi, na sisi tulio Mashafi tumeishika sana hadithi hiyo. Bei zilipanda Madina, watu wakamwomba Mtume (S.A.W.) awapangie bei, naye hakukubali. Aliwajulisha kwamba Mwenyezi Mungu ndiye Mwenye kukunjua na kukunja riziki, naye anataraji kukutana na Mola wake hali hakuna anayemdai kwa dhulma ya damu wala ya mali. Wameipokea Abu Daud na Tirmidhi kutoka kwa Anas. Basi husema: kama Mtume hakupanga bei, nani atatupangia sisi?

Naam. Lakini itazameni hadithi hiyo vizuri. Mtume alikataa kupanga bei kwa kuchelea dhulma. Basi vipi hadithi iliyokuja kuikimbia dhulma igeuzwe kuwa ngao ya madhalimu? Bei inayopanda kwa sababu mvua imekatika, au kwa sababu watu wamekuwa wengi na mali ni chache, hiyo ni amri ya Mwenyezi Mungu, na kumlazimisha muuzaji aiteremshe ni kumdhulumu. Ama bei iliyopanda kwa sababu wanaume watano walikunywa chai pamoja usiku, hiyo haikuteremka kutoka mbinguni. Mtume alikataa kupanga bei, nao wamekwenda kuipanga! Wao ndio walioivunja hadithi wanayoisoma.

Na hili si fikira yangu mimi. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 728 wa Hijria, katika kitabu chake kiitwacho Al-Hisba ametenganisha baina ya kupanga bei kwa dhulma na kupanga bei kwa uadilifu. Humo ametaja kwamba Imamu Abu Hanifa na wenziwe waliwakataza wagawaji wa mali, wale waliokuwa wakigawa mirathi na mali za shirika kwa ujira, wasifanye ushirika baina yao. Sababu yake ni kwamba watu huwahitaji, nao wakiungana watapandisha ujira wao. Abu Hanifa alifariki mwaka 150 wa Hijria. Basi wanafunzi wanaodhani kwamba sheria za ushindani zimezuliwa juzi Ulaya na Marekani, na wakafungue kitabu hicho.

Tena Mtume (S.A.W.) hakutuachia makatazo matupu. Aliwakataza watu wa mjini wasiwatokee misafara njiani wakanunua bidhaa za wenye kuzileta kabla hawajaifikia soko na kuijua bei. Na katika mapokezi ya Muslim, aliyeuza njiani akipewa hiari atakapofika sokoni: akitaka ataipitisha biashara ile, akitaka ataivunja. Hilo neno la hiari ni kubwa mno. Yule bwana aliuza kwa ridhaa yake, wala hakuna aliyemkaba koo. Lakini ridhaa iliyojengwa juu ya kufichwa bei ya kweli haikuhesabiwa kuwa ni ridhaa kamili, na haki ikarudi mkononi mwa yeye mwenyewe aliyepunjwa. Wenyeji wa Kusini mtafahamu upesi. Hao wanaopita vijijini na kangomba, wakinunua korosho ya mwenye shida kabla haijafika ghalani, wanapita katika njia ile ile ya watokea misafara.

Sasa nije kwenye swali la pili. Alinijia mfanyabiashara mmoja wa wilaya hizi mbili, sitamtaja yeye wala gulio lake, akaniambia maneno ambayo nimeyaweka moyoni. Alisema: "Sheikh, mimi na wenzangu wanne tulipatana bei ya sukari kwa mwezi mzima wa Ramadhani. Vipimo vyetu vilikuwa sawa. Sasa nataka kwenda Hija, na moyo wangu umeingia shaka. Lakini walionunua ni mamia, na kila mmoja alizidishiwa mia mbili au mia tatu tu kwa kilo. Nimrudishie nani, na kitu kidogo kama hicho?"

Kabla ya kukuelezeni nilivyomjibu, nakupigieni mfano wa nchi ya mbali. Naupiga kwa sababu huko jambo kama hili lilifika mahakamani, hesabu yake ikaandikwa, na watu wakarudishiwa pesa mikononi mwao. Nao unahusu biashara ya muziki. Leo hatumo katika hukumu ya muziki, ambayo wanazuoni wana maneno marefu juu yake. Tumo katika haki ya mnunuzi, na haki ya mnunuzi haipotei kwa kuwa sisi hatukipendi alichokinunua.

Huko Marekani, katika miaka ya tisini, watu walikuwa wakinunua nyimbo zilizorekodiwa katika visahani vinavyong'aa viitwavyo sidii. Makampuni matano, yaani Universal, Sony, Warner, BMG na EMI, yalikuwa yameshika takriban asilimia 85 ya soko hilo. Yakatokea maduka makubwa yanayouza redio na televisheni, yakaanza kuuza sidii kwa bei ya chini sana, karibu na dola 10, ili kuwavuta wateja waingie dukani. Maduka yaliyotegemea sidii peke yake yakalia. Kuanzia mwaka 1995 makampuni yale yakaikaza kanuni. Duka likitaka kupata fedha ambazo makampuni hutoa za kusaidia matangazo, lisitangaze sidii kwa bei iliyo chini ya kiwango kilichowekwa. Baadaye kanuni ikakazwa zaidi: hata tangazo ambalo duka limelilipia kwa fedha zake lenyewe lisionyeshe bei ya chini ya kiwango hicho.

Angalieni ustadi wa jambo hilo. Haikuandikwa kwamba ni marufuku kuuza rahisi. Iliandikwa tu kwamba usitangaze urahisi wako. Na muuzaji asiyeweza kuwaambia watu kwamba yeye ni rahisi, ana faida gani ya kuwa rahisi? Vita vya bei vikazimika, na bei zikapanda.

Mwezi wa Mei mwaka 2000 Tume ya Serikali ya nchi hiyo inayosimamia biashara ilitangaza kwamba makampuni yote matano yamekubali kuiacha kanuni hiyo. Tume ilikadiria kwamba katika miaka mitatu wanunuzi walikuwa wamelipa ziada ifikayo dola milioni 480. Lakini kuacha si kurudisha! Mwizi akikwambia, "Kuanzia leo sikuibii tena," hujapata chako bado. Kwa hiyo mwezi wa Agosti mwaka huo huo wanasheria wakuu wa majimbo, wakitanguliwa na New York na Florida, walifungua mashtaka dhidi ya makampuni yale, na pamoja nayo wenye maduka Musicland, Tower Records na Trans World. Mwisho wa Septemba 2002 kukawa na suluhu. Makampuni hayakukiri kosa, lakini yalikubali kutoa dola milioni 67.4 za fedha taslimu, na juu yake sidii zaidi ya milioni 5, zilizohesabiwa kuwa na thamani ya dola milioni 75.7, zigawiwe maktaba na mashule.

Aliyenunua sidii katika miaka ile aliambiwa alete madai yake mpaka mapema mwaka 2003. Hakutakiwa kuonyesha stakabadhi, maana nani huweka stakabadhi ya santuri kwa miaka minane? Ilitosha kuthibitisha kwa saini yake kwamba alinunua. Watu wapatao milioni 3 na nusu wakadai, na mwanzoni mwa mwaka 2004 kila mmoja akapelekewa hundi ya dola 13 na senti 86.

Wako waliocheka. Baada ya miaka yote hiyo, dola kumi na tatu! Mimi sicheki. Kumbukeni hadithi ya Abu Umama katika Sahihi Muslim, juu ya anayeikata haki ya Muislamu kwa kiapo chake. Mtume aliulizwa: je, hata kikiwa kitu kidogo? Akajibu kwamba hata kikiwa ni kijiti cha mti wa mswaki. Kijiti cha mswaki kina bei gani? Na dhulma ya maafikiano ya bei hustawi kwa sababu hiyo hiyo ya udogo. Hakuna mtu atakayepoteza siku nzima ya kazi, akapanda basi kwenda Lindi kushtaki, kwa ajili ya shilingi mia tatu, na walaji wa mia tatu za watu wanalijua hilo. Mia tatu kwa mtu mmoja ni kidogo. Mia tatu kutoka kila nyumba ya kata nzima, kilo baada ya kilo, mwezi mzima, ni mtaji wa mtu.

Liko jambo lingine katika kisa hicho ambalo limenishughulisha zaidi ya yale ya fedha, nalo ni zile sidii za sadaka. Zilipofika maktabani, baadhi ya maktaba zilijikuta zimeletewa mamia ya nakala za sahani moja. Nyingine zilikuwa ni zile ambazo sokoni hakuna aliyezitaka. Maktaba itafanya nini na wimbo mmoja mara mia tano? Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqara, aya ya 267, ametuonya tusikikusudie kilicho kibaya katika mali tukakitoa, hali sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Na ikiwa ndiyo adabu ya sadaka, ambayo mtu huitoa kwa hiari yake, basi itakuwaje katika deni? Mwenye kulipa haki ya watu kwa taka za ghalani mwake hajalipa, amesafisha ghala.

Sasa jibu la yule mfanyabiashara. Nilimwambia kwanza kwamba uuzaji wake umesihi kwa dhahiri yake, wala hatuwaambii wanunuzi waliokwisha kunywa chai yao wairudishe sukari. Lakini ile ziada, iliyopatikana kwa kuwafungia watu milango ya soko, kwa rai yangu ni katika kula mali kwa batili aliyoikataza Mwenyezi Mungu katika Suratun Nisaa, aya ya 29. Ni haki ya waja, na haki ya waja haifutwi na Hija wala na istighfari peke yake. Anayetubu katika mambo haya ana sharti la ziada, kumrudishia mwenye haki au kuomba msamaha wake hapa duniani, kabla ya siku ambayo hapatakuwa na dinari wala dirhamu, ila mema ya mtu kuchukuliwa yakalipia madeni yake.

Kisha nikamwambia asianze kwa kusema "ni mamia, siwajui." Je, hawajui kweli? Dukani kwake mna daftari la madeni. Wale wa daftarini anawajua mmoja mmoja kwa majina, na kwa majina ya baba zao pia, maana ndivyo anavyowadai. Basi hao awapunguzie katika deni, au awape mkononi. Mama mwenye mgahawa aliyekuwa akichukua kilo tano kila siku, huyo naye hajulikani? Mtu huwasahau upesi wale anaowiwa naye, na huwakumbuka sana anaowadai.

Wanaobaki ni wale wapita njia wasiojulikana kabisa. Imamu Ghazali, katika mlango wa halali na haramu wa Ihya, ameeleza habari ya mali ya haramu ambayo mwenyewe hapatikani: hutolewa sadaka kwa niaba yake. Na mtu asipokijua kiasi chenyewe, hukadiria kwa jitihada mpaka moyo wake uelemee kwamba dhima imetoka. Basi akadirie bei ingekuwa ngapi lau wasingepatana, kwa kutazama bei ya magulio ya jirani wiki zile zile, kisha atoe tofauti yake. Na atoe kitu kinachowafaa watu wale wale wa gulio lile, wala asitoe mchele uliooza. Wala asijiandikie thawabu ya sadaka ile, kwa kuwa mali hakuwa nayo. Yeye ni mpelekaji tu.

Akaniuliza habari za wenzake wanne. Nikamwambia awanasihi, nao wakikataa, yeye atalipa ya mauzo yake. Lakini kupatana kwenyewe na akuvunje leo, akatangaze bei yake mwenyewe kwa sauti, hata wakikasirika. Toba ya maafikiano haiwezi kufanyika huku maafikiano yangalipo.

Enyi ndugu, wazee miongoni mwenu wanaikumbuka Tume ya Bei, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1973, na bei za Serikali zilizobandikwa madukani. Mnakumbuka pia kwamba bei ilibandikwa ukutani na sukari haikuwapo rafuni. Zama hizo zimepita. Leo msingi wa sheria yetu ni kuwaacha wauzaji washindane, na kuwakataza wasiungane dhidi ya mnunuzi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 imekataza washindani kupatana bei, na imekataza pia kupatana katika zabuni. Tume ya Ushindani imepewa uwezo wa kuwatoza faini wavunjaji, na mtu aliyepata hasara kwa uvunjaji huo anaweza kuiomba Tume iamuru alipwe fidia. Wengi hawaijui sehemu hii ya mwisho. Faini huingia hazina ya Serikali. Fidia huingia mkononi mwa aliyepunjwa, na hii ndiyo iliyo karibu zaidi na ile hiari aliyopewa mwenye msafara.

Wanafunzi mnaosoma sheria na uchumi, mambo haya yaelezeni kwa lugha ya nyumbani kwenu. Na mnunuzi naye aogope upande wake. Huko Marekani watu waliaminiwa kwa saini tupu, na ambaye hakununua hata sidii moja akatia saini, huyo ameingia katika dhulma ile ile aliyodai kuikimbia. Kadhalika wakulima wanaotia maji au mawe katika gunia kwa hoja kwamba wanunuzi nao ni wezi.

Nami nina neno kwa wanunuzi wa mazao watakaokuja katika minada ya chama chetu kikuu cha RUNALI, kinachounganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Mkulima amekubali mfumo wa stakabadhi ghalani, akaipeleka korosho yake ghalani kabla hajaijua bei, kwa kuamini kwamba kila zabuni imeandikwa na mtu aliye peke yake na hesabu zake. Amana yake yote imo humo. Mwezi wa Oktoba 2018 wakulima wa Kusini walizikataa bei za mnadani, na mwezi uliofuata Serikali ikatangaza kuinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kilo moja. Simtuhumu mtu kwa mwaka ule. Nasema tu kwamba anayemwonyesha mwenzake zabuni yake usiku wa kuamkia mnada ameikata haki ya maelfu ya watu kwa mara moja, nao majina yao yote yameandikwa katika madaftari ya vyama vya msingi, shamba kwa shamba na kilo kwa kilo. Huyo hatapata udhuru wa kusema kwamba hakuwajua wa kuwarudishia.

Nasema kauli yangu hii, nami namwomba Mwenyezi Mungu maghufira kwa ajili yangu na kwa ajili yenu na kwa Waislamu wote. Mwombeni maghufira, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.